Mtoto wa Ilazo, mtoto wa Chemba: nani aharakishwe shule?

Kila ikifika Septemba na Oktoba, Dodoma mjini huingia msimu ambao haumo kwenye kalenda ya Wizara ya Elimu: msimu wa intavyuu za darasa la kwanza. Mtoto wa miaka mitano au sita anaketishwa mbele ya mwalimu asiyemjua, anapewa karatasi, aandike jina lake, ajumlishe, asome maneno ya Kiingereza. Akichemka, mzazi anaelezwa kwa upole kwamba ni vizuri arudie mwaka. Kwa hofu hiyo chekechea nyingi za Ilazo, Kisasa na kwingineko mjini huvutia wateja kwa ahadi moja kuliko zote: kwetu mtoto anasoma akiwa na miaka minne.

Upande wa pili wako wataalamu wa malezi, na siku hizi serikali yenyewe. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa hapahapa Dodoma Desemba 2021, inamtazama mtoto wa miaka 0 hadi 8 kwa mambo matano yanayokwenda pamoja: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Kwa watu wa upande huu, kazi ya mtoto wa miaka minne ni kucheza, na kumkalisha kwenye dawati kuchora irabu saa nzima ni kumuonea.

Mimi naona pande zote mbili zinamzungumzia mtoto mmoja wa kufikirika, na huyo hayupo mkoani kwetu. Yupo mtoto wa Ilazo anayekulia ndani ya geti, na yupo mtoto wa kijijini Chemba au Bahi anayekulia uwanjani. Kinachomfaa mmoja kinaweza kumkosesha mwenzake.

Tuanze na mkono, maana ugomvi mwingi wa chekechea ni ugomvi wa penseli. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Mtoto anazaliwa hiyo mifupa ikiwa bado gegedu, na inakomaa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi. Wa mwisho huanza kuwa mfupa kamili kati ya miaka minane na kumi na miwili. Misuli mikubwa nayo hutangulia ile midogo: bega na kiwiko kwanza, vidole baadaye. Ndiyo maana watoto walio wengi huweza kunakili duara karibu na miaka mitatu, msalaba karibu na miaka minne, mraba kati ya minne na mitano, na pembetatu kuanzia mitano hivi. Sasa itazame herufi K. Ina mishazari miwili inayokutana katikati ya mstari wa wima. Mtoto ambaye pembetatu bado inamshinda anaambiwa ajaze ukurasa mzima wa K, halafu daftari linarudi nyumbani na maandishi mekundu: "ongeza bidii". Bidii gani tena?

Kinachokomaza mkono huo kiko tele kijijini na hakilipiwi ada. Kufinyanga ng'ombe wa udongo, kumenya karanga, kuchambua mawe kwenye mtama, kufuma kigari cha waya, kubeba maji kwenye kidumu kinachomtosha. Mtoto wa Chemba anafanya hayo bila kuambiwa ni somo. Wa Ilazo anavalishwa na dada, analishwa na dada, uani kwao kumetandikwa pevingi yote, na nje ya geti kuna barabara. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hasa, na akae mbele ya skrini isizidi saa moja. Ukimjumlishia mtoto wa mjini muda wa gari la shule, wa dawati, wa homuweki na wa katuni, hizo dakika 180 huzioni zinapoingia.

Mwongozo huohuo unataka alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo. Gari la shule linalopita mtaani saa 11:30 alfajiri maana yake mtoto ameamshwa saa 11. Kupata saa kumi za usiku ingebidi alale saa 1 jioni, wakati huo mama yake aliyetoka kazini Mtumba ndiyo kwanza anaweka sufuria jikoni. Kama shuleni hakuna magodoro ya kulala mchana, deni hilo la usingizi halilipwi hadi Jumamosi. Watu wanabishana kuhusu mtaala, wakati ratiba ya gari nayo inaamua mengi juu ya ubongo wa mtoto kuliko tunavyokubali.

Tuje kwenye akili, ambako wazazi wanaoharakisha wana hoja yenye mizizi. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget alifundisha kwamba mtoto kati ya miaka miwili na saba bado hafikiri kwa mantiki ya mkubwa: mmiminie soda ileile kwenye glasi nyembamba ndefu, atakwambia imeongezeka. Walimu wengi walijifunza kutokana na hayo kwamba mtoto wa umri huo asubiriwe tu. Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson walifanya jaribio lililotikisa imani hiyo. Walipanga mistari miwili ya vitu vyenye idadi sawa. Mkubwa akiuvuruga mstari mmoja na kuuliza, watoto wengi walikosea, lakini ukivurugwa na mwanasesere "mtundu", wengi walijibu sawasawa kwamba idadi haijabadilika. Uwezo ulikuwepo. Swali la mkubwa ndilo lililowachanganya, kwa sababu mtoto anajua mkubwa hapangui vitu bure. Kwa hiyo ni kweli kwamba watoto wadogo wanaweza kuliko tunavyodhani, kwa sharti kwamba jambo liwe na maana kwao, na jaribio lenyewe lilikuwa mchezo.

Kuhusu kusoma hasa, ushahidi hauwapendelei wenye haraka. Sebastian Suggate na wenzake walilinganisha watoto wa New Zealand walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka mitano na walioanza wakiwa na saba. Walipofika kama miaka 11, tofauti ya kusoma kwa ufasaha ilikuwa imekwisha. Finland shule inaanza miaka saba na nchi haijaangamia. Halafu sisi tuna bahati ambayo hatuithamini: Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishakamata a e i o u na ba be bi bo bu, mlango umefunguka. Utafiti wa mwaka 2003 uliolinganisha lugha kadhaa za Ulaya uliona watoto wa Kiingereza wanachukua muda mrefu zaidi kujua kusoma kuliko wa lugha zenye tahajia nyoofu kama Kifini. Chekechea yetu ya mjini imechagua njia ndefu, ikaianza mapema zaidi, katika lugha ambayo mtoto wa miaka minne haijui kwa kuisikia. Anatamka neno "umbrella" vizuri kabisa akiwa hajawahi kulitumia kwa haja yoyote. Mvua yenyewe ya Dodoma tunaijua.

Hata hivyo simlaumu mzazi. Anajua kwamba darasa la kwanza la shule anayoitaka halimngoji mtoto. Anajua pia kwamba shule ya serikali jirani inaweza kuwa na watoto wengi kiasi kwamba asiyejua kusoma akiingia anaweza kutoka hivyohivyo bila mtu kugundua. Serikali yenyewe ilipopima stadi za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mwaka 2013 ilishtuka hadi ikaandika upya mtaala wa darasa la kwanza na la pili, ukaanza 2015. Mzazi aliyeishi miaka hiyo akiamua kuwahi, amefanya hesabu ya mtu anayeona vizuri. Tena chekechea kwake ni mahali salama pa kumwacha mtoto kuanzia asubuhi hadi jioni. Tangu serikali ilipohamia Dodoma, familia nyingi zimekuja bila bibi wala shangazi wa kuachiwa mtoto. Anayemwambia mzazi huyo "mwache acheze nyumbani" amwambie pia acheze na nani.

Kijijini hesabu inageuka. Pale mchezo haujapungua, na watoto wa rika mbalimbali wako pamoja: wa miaka minne anamfuata wa miaka saba, anajifunza kusubiri zamu, kushindwa bila kuzira, kubembeleza aingizwe kwenye kombolela. Hii ni kazi kubwa ya kijamii ya umri huu. Karibu na miaka minne mtoto ndipo anaanza kuelewa kwamba mwenzake anaweza kuamini jambo lisilo kweli, na hapo ndipo kujificha kunaanza kuwa na utamu, kwa sababu sasa anajua anayetafuta hajui. Mwanasaikolojia Vygotsky wa Urusi alisema mchezo wa kuigiza humfanya mtoto ajitawale kupita kimo chake. Mtoto asiyeweza kutulia dakika tano akiambiwa atulie, hutulia akiwa "mgonjwa" wa kwenye hospitali ya kuchezea. Kwa hayo mtoto wa Chemba hadai mtu.

Anachopungukiwa ni vingine. Kitabu hakipo nyumbani. Lugha ya nyumbani ni Kirangi, Kisandawe, Kiburunge au Kigogo, na Kiswahili cha mwalimu anakutana nacho siku ya kwanza pamoja na sare. Na tumbo: kwa mujibu wa utafiti wa taifa wa afya wa 2022, asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa ya ukame kama yetu inajua miezi ya njaa ilivyo. Nchini Jamaika watafiti walifuatilia watoto 129 waliodumaa wakiwa bado hawajatimiza miaka miwili. Baadhi walipewa lishe, baadhi walitembelewa kila wiki na mhudumu wa afya aliyemwonesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, baadhi walipata vyote viwili, baadhi hawakupata kitu. Miaka 20 baadaye, waliochezeshwa walikuwa na kipato cha juu kwa takribani asilimia 25 kuliko wasiochezeshwa. Lishe pekee haikuacha alama kama hiyo. Kwa hiyo kombolela haitoshi. Mtoto anahitaji pia mkubwa anayemjibu.

Hapo ndipo darasa la awali la kijijini linapokuwa na maana. Kule Ypsilanti, Michigan, nchini Marekani, watoto 123 wa familia maskini waligawanywa makundi mawili miaka ya 1960. Waliopata chekechea nzuri walipofika miaka 40 walikuwa na kipato kikubwa na kesi chache polisi kuliko wenzao, ingawa faida yao kwenye vipimo vya akili ilikuwa imeshayeyuka utotoni. Jibu lingekuwa jepesi tungeishia hapo. Lakini Tennessee, katika nchi hiyohiyo, karibu watoto 3,000 waliomba nafasi za chekechea ya umma zilizogawanywa kwa bahati nasibu, na matokeo yaliyotolewa 2022 yalionesha kwamba walioipata, walipofika darasa la sita, walifanya vibaya kuliko walioikosa, na nidhamu yao ilikuwa chini. Hao nao walikuwa watoto wa familia maskini. Matokeo hayo yananizuia kusema chekechea yoyote ni bora kuliko hakuna. Ypsilanti mwalimu mmoja alikuwa na watoto sita hivi, na alimtembelea mzazi nyumbani.

Kwetu kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Baada ya elimu bila ada kuanza 2016 watoto walimiminika, jambo jema, ila kuna vyumba ambavyo kiwango hicho kimebaki kwenye makaratasi. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kucheza nao hata mtaala ukimwamuru. Anachoweza ni kuwaimbisha na kuwaitikisha "ba be bi bo bu" kwa pamoja. Nikimwona simcheki. Shule shikizi zilizojengwa vijijini zimepunguza umbali, na kwa miguu ya miaka mitano umbali ni jambo zito, lakini chumba kimekuja kabla ya mwalimu wa pili.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilisema mtoto aanze darasa la kwanza kati ya miaka minne na sita kulingana na maendeleo na uwezo wake. Mjini tuliisoma kama ruhusa ya kuwahi. Maneno "maendeleo na uwezo" yaliruhusu pia kuchelewa, ila mzazi anayemchelewesha mwanawe kwa hiari sijamwona bado.

Kama ningekuwa na sauti kwenye kikao cha halmashauri, fedha ya kwanza ningeipeleka kijijini: uji wa saa nne, na mwalimu msaidizi anayejua lugha ya watoto wale. EQUIP-T, mpango wa kuinua ubora wa elimu, ulifanya kitu cha namna hiyo, pamoja na hapa mkoani, kwa madarasa mafupi ya utayari yaliyoendeshwa na wasaidizi kutoka jamii husika, kwa hadithi na michezo. Mjini fedha haihitajiki sana. Inahitajika amri kwamba intavyuu ya maandishi kwa mtoto anayeingia darasa la kwanza ikome, shule ipokee kwa umri na nafasi. Wenye shule watalalamika kwamba wastani wao wa mitihani utashuka, na huenda ukashuka kweli miaka miwili ya mwanzo. Bila amri hiyo, chekechea yoyote itakayojaribu peke yake kuweka penseli pembeni na kuleta udongo itapoteza watoto Januari, na mwenye nayo analipa mkopo benki.