Taarifa Rasmi: Sikunywa Uraka, Niliuangukia

Kwa kuwa ujumbe wa sauti wa rafiki yangu mwenye kirikuu umekwisha kufika Nachingwea, Masasi na, kwa habari nilizozipata asubuhi ya leo, hata Tunduru, nalazimika kulieleza jambo hili mwenyewe, kwa maandishi na kwa utaratibu. Katika ujumbe huo inadaiwa kwamba mimi, mwalimu na baba wa watoto wawili, nilikunywa uraka, pombe ya mabibo (matunda ya mkorosho), hadi nikapoteza mwelekeo, kisha nikapanda pikipiki mbele ya wakwe zangu. Hilo si kweli. Sikunywa uraka, niliuangukia. Kiasi kilichoingia kinywani kiliingia chenyewe, kwa nguvu na bila ridhaa yangu, na anayetaka kuliita tukio hilo kunywa, basi aseme pia kwamba aliyezama Ruvuma alikuwa anakata kiu.

Mpango wa Tendaguru mnaujua, maana nimeuandika hapa mpaka baadhi yenu mkaanza kunikwepa. Kwa wageni: likizo ya Desemba, kabla mvua hazijachanganya, familia yangu itatoka Lindi mjini na kwenda kwa pikipiki, kwa njia za porini, hadi kwenye kile kilima ambako Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, yaani dinosaria, kuanzia 1909 hadi 1913. Mjusi mmoja kati ya hao alisimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937, na leo ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na watoto wangu wanamfahamu kwa video za simu kuliko wanavyomfahamu babu yao mzaa baba. Nilitaka waione ardhi alikotoka. Nilitaka pia wapite, japo kwa sehemu, katika uelekeo uleule walioupita wapagazi waliobeba mifupa na mawe yake, mzigo uliozidi tani 200 kwa jumla, kwa miguu, kichwani na mabegani, siku baada ya siku hadi bandari ya Lindi. Nilikuwa nimewakaririsha jina la Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, na nilikuwa nimewatahadharisha kwamba nitawauliza njiani.

Binti yangu ana miaka 16 na katika mpango mzima alichopenda ni pikipiki. Mdogo wake ana miaka 14 na swali lake pekee lilikuwa kama Tendaguru kuna mtandao. Niliitisha kikao cha familia, nikagawa Mwongozo wa Safari niliouchapa, wenye orodha ya tyubu za akiba, pampu, plagi, waya wa klachi, kiungo cha cheni, maji na madumu ya mafuta, pamoja na kiambatisho kuhusu nani atafanya nini iwapo mimi, kiongozi wa msafara, nitapata dharura. Mdogo wa binti alikuwa katibu. Nilipoomba kuusoma muhtasari wake baada ya kikao, nilikuta maneno mawili tu: "Baba aliongea."

Mke wangu aliukubali mpango kwa sharti moja, kwamba hakuna atakayeingia porini kabla yeye hajaona kwa macho yake kuwa tunaweza kuendesha kwenye mchanga. Na kwa kuwa watoto hawataendesha kwenye barabara ya umma, tukakubaliana mazoezi yafanyike ndani ya shamba la mikorosho la wakwe zangu, nje kidogo ya Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapoachana na ile ya Mtwara. Pikipiki zilipakiwa kwenye kirikuu. Hapo ndipo rafiki yangu alipoingia katika habari hii, na sasa najuta kwamba sikukodi gari la mtu nisiyemfahamu.

Ilikuwa katikati ya msimu wa korosho. Baba mkwe alikuwa amejipumzisha ndani, jamaa wa nyumba ile walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakichambua korosho, na chini ya mkorosho mkubwa alikuwapo shangazi yake mke wangu, ambaye kwa uraka anasifika hadi vijiji vya jirani. Wasomaji wa bara msioujua uraka, nawaelezeni kwa ufupi. Mabibo hukamuliwa, maji yake huchujwa, kisha huachwa yajichachukie yenyewe kwa joto la huku kwetu. Asubuhi ni juisi ambayo mtoto anaweza kuionja. Ikifika jioni inakuwa na maoni yake. Si gongo, na naomba msiniandikie kuhusu gongo. Siku hiyo ulikuwa umejazwa kwenye pipa la plastiki lililokatwa nusu, ukiwasubiri wateja wa jioni. Nasisitiza kwamba pipa hilo lilikuwa mbali na njia yetu ya mazoezi. Lilikuwapo shamba zima la kuangukia, lenye mchanga laini, majani makavu na hata mbolea ya mbuzi.

Kuhusu mavazi, rafiki yangu ametia chumvi, lakini si nyingi. Nilivaa helmeti ya wazi isiyo na kioo, vikinga ugoko vya mpira wa miguu vya mwanangu, mabuti ya mvua na shati jeupe. Shati jeupe nililichagua ili watoto wanione vizuri kutoka mbali. Walioishi kwenye mikorosho wanajua maji ya bibo hufanya nini kwenye kitambaa cheupe, na wanajua kwamba hakuna sabuni.

Nilitoa somo. Nilipunguza upepo kwenye matairi na kueleza sababu yake, kwamba tairi likilegea kidogo hutanuka na kukanyaga eneo kubwa zaidi, hivyo halizami. Nilieleza kwamba kwenye mchanga mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamelegea, uzito akiusogeza nyuma ili gurudumu la mbele liwe jepesi. Kwamba mafuta huvutwa kwa kiwango kimoja bila kusitasita. Kwamba breki ya mbele haiguswi kabisa, kwa sababu gurudumu la mbele likikabwa kwenye mchanga hujichimbia na kukaa. Nikamalizia na kanuni iliyo kuu kuliko zote: pikipiki huenda yanakotazama macho. Ukilitazama shimo, utaingia shimoni. Ukiutazama mti, utaukumbatia. Niliwataka watoto wairudie kwa sauti. Binti aliirudia vizuri. Mdogo wake aliirudia kwa sauti yangu, na mikeka yote ikacheka.

Binti akaenda na kurudi, amesimama wima, macho mbele, safi kabisa. Mdogo wake akayumba kidogo mahali palipokuwa na mchanga mwingi, akavuta mafuta, akanyooka. Mke wangu alitikisa kichwa kukubali. Sharti lilikuwa limetimia, na mtu mwenye akili angezipakia pikipiki kwenye kirikuu na kuondoka. Ndipo shangazi, akiwa na kata mkononi, aliposema bila hata kunitazama, "Na mkwe wetu je? Au yeye ni wa kusema tu?"

Sasa naomba twende polepole, kwa sababu hapa ndipo ujumbe wa sauti unapopotosha.

Niliondoka vizuri. Niliingiza gia ya pili, nikasimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, uzito nyuma. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mchanga na kuanza kuyumba kidogo, jambo la kawaida kabisa ambalo nilikuwa nimelitaja katika somo. Macho yalikuwa mbele. Nilifika katikati ya njia nikiwa na hadhi yangu yote. Kama mlango wa nyumba ungebaki umefungwa, leo ningekuwa naandika kuhusu kitu kingine.

Mlango ulifunguliwa, akatoka baba mkwe.

Nawauliza ninyi mlioolea Kusini: mkwe wako ametoka nje, amesimama barazani kwake, anakutazama, nawe unapita mbele ya nyumba yake umesimama wima juu ya chombo, umemzidi kimo. Utanyamaza? Mimi sikulelewa hivyo. Niligeuza uso kwake na kusema, kwa sauti ya kuushinda mlio wa injini, "Shikamoo, baba!" Ilikuwa ni adabu, wala hapakuwa na ulevi wowote. Lakini kutoka mahali nilipokuwa, nyuma ya bega la baba mkwe kulikuwa na mkorosho mkubwa, na chini ya mkorosho kulikuwa na pipa, na macho yangu, yalipokuwa yakirudi kutoka kwenye salamu, yaliliona pipa na hayakuliacha.

Kanuni ilifanya kazi sawasawa na nilivyoifundisha.

Pikipiki iliiacha njia. Ilipita kati ya mikeka miwili bila kuponda hata korosho moja, na ningependa sifa hiyo iandikwe mahali. Nilikumbuka, kwa uwazi wa ajabu, kwamba breki ya mbele haiguswi. Nikaishika. Gurudumu la mbele likajichimbia na kukaa, kama ilivyoelezwa. Pikipiki ikatii na kusimama. Mimi sikuwa na breki yangu binafsi, hivyo nikaendelea na safari juu ya usukani, mikono mbele na mabuti nyuma, kinywa kikiwa bado wazi kwa sababu nilikuwa nasubiri kuitikiwa. Nilimwona shangazi. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Aliitoa kata kwenye pipa ikiwa imejaa, akaiinua juu, akasogeza mguu wake mmoja, akanipisha.

Niliingia kwa makalio. Uraka ulipanda hadi kifuani, ukapita shingoni, ukaingia ndani ya helmeti na kinywani, kisha sehemu yake ikamwagika pande zote na kulowesha mchanga. Mabuti yalijaa. Nilijaribu kusimama na nikagundua kwamba mdomo wa pipa umenikaba nyonga, huku mikono na miguu yote minne ikielekea mbinguni. Kimya kilitanda kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Nzi waliokuwa kwenye mabibo walihamia kwangu, wakifuatwa na nyuki wachache.

Baba mkwe alishuka barazani taratibu, akaja hadi pale, akanitazama kutoka juu, kimo chake sasa kikiwa kimerejea mahali pake stahiki, akasema, "Marahaba. Hujambo?"

Nikajibu, "Sijambo, baba." Ningejibu nini kingine?

Mke wangu alikwenda nyuma ya nyumba ili akacheke kwa heshima, lakini nyumba ile ni ya udongo na ina madirisha. Binti yangu alikuwa akiizima injini na kukagua kama pikipiki imeumia. Rafiki yangu alikuwa ameinua simu. Mdogo mtu alikuja na daftari lake la katibu, akachuchumaa karibu na pipa na kuuliza, kwa upole wa dhati, "Baba, hili niliandike chini ya dharura ya kiongozi wa msafara?"

Yaliyofuata hayana umuhimu. Walinichomoa kwa kulilaza pipa. Pale njia panda askari wa usalama barabarani alinusa kirikuu na kuuliza nani amelewa, na gari zima, wakiwamo watoto wa kuwazaa mwenyewe, likanielekezea vidole. Nilioga, nikaoga tena, na kesho yake wanafunzi wa mstari wa mbele walihamia mstari wa nyuma. Shati limekuwa tambara la kufutia cheni. Helmeti nimeianika juani, lakini sponji yake bado inaendelea kuchachuka.

Safari ipo palepale. Kwa uamuzi wa mke wangu, watoto wamefaulu mtihani wa mchanga na mimi sijafaulu, hivyo lami itakapoishia nitabebwa na bodaboda wa huko, kijana niliyewahi kumfundisha hisabati na ambaye, nilipompigia simu, alicheka kabla sijajitambulisha. Sharti jipya ni kwamba nikiwa juu ya pikipiki nisimwamkie mtu yeyote. Binti ndiye kiongozi wa msafara. Ameufuta Mwongozo wangu wote na kubakiza orodha ya vifaa, akaongeza mstari mmoja kuhusu nguo za kubadilisha za Baba.

Limebaki suala la fidia. Shangazi alinidai bei ya pipa zima. Nilijitetea, kwa heshima, kwamba zaidi ya nusu ilibaki ndani nilipochomolewa, na kwamba haki ni kulipia kilichomwagika. Akaniuliza, "Mkwe wangu, nani atakunywa uraka aliokoga mwalimu?" Sikuwa na jibu, nikalipa zote. Sasa katika ujumbe wake wa pili wa sauti, ule ulioingia jana usiku, rafiki yangu anaeleza kwamba jioni ileile wateja waliumaliza uliobaki wote kabla ya magharibi, wakauliza kama kesho kutakuwa na mwingine wa mwalimu. Nimemtuma mke wangu akaulizie marejesho ya nusu ya fedha. Amerudi na majibu kwamba shangazi ameyakubali madai yangu, na atayalipa yote, kwa uraka.