Sanduku la Kukalia

Safari ilikuwa ya kwenda kuona maporomoko ya maji na kurudi jioni. Maporomoko hatukuyaona. Mvua ilitukamata njiani, wipa ya upande wangu ikagoma, nikaegesha mbele ya banda la mzee mmoja anayeuza vitu vya kale. Mke wangu alisema tusubiri garini. Mimi nilikuwa nimeshashuka.

Niseme ukweli: wiki hiyo nilikuwa nimesoma makala mbili kuhusu gramafoni, zile mashine za kale za kupigia santuri, na mtu aliyesoma makala mbili ni hatari kuliko ambaye hajasoma hata moja. Nilipoiona juu ya meza, pembe yake ya shaba iking'aa hadi nikajiona meno, picha ya mbwa ubavuni, moyo ukaenda mbio.

"Unamjua huyu mbwa?" nikamuuliza mke wangu kwa sauti ya mhadhiri. "Anaitwa Nipper. Mchoraji Francis Barraud alimchora kwanza akisikiliza fonografu ya silinda, mashine ya sauti iliyoitangulia gramafoni. Mwaka 1899 akaifuta hiyo fonografu, akachora gramafoni juu yake."

"Baba watoto, mimi miguu inaniuma," akajibu. Akavuta sanduku jeusi lililojaa vumbi kutoka chini ya meza, akalikalia.

Nikaanza kupatana bei. Nilipatana vibaya mno, maana mdomo ulikuwa ukisema "ghali" huku mkono ukiipapasa pembe, na mzee alikuwa akiuangalia mkono. Tulipomaliza, nadhani kwa kunihurumia, alimwambia mke wangu, "Na hilo sanduku chukua tu, mama, uwe unakalia."

Pembe haikuingia kwenye buti. Kiti cha nyuma iliingia nusu, mdomo ukabaki nje ya dirisha. Kumbe pembe ya gramafoni ikipigwa na upepo inaunguruma! Nikikanyaga mafuta, inapandisha sauti. Lori moja lilikaa pembeni kutupisha, dereva wake akitafuta kwa macho hiyo meli inayokuja nyuma. Mke wangu alicheka hadi akapaliwa.

Kesho yake nikamwita fundi saa mmoja anayezijua mashine hizi. Aliizunguka mara moja tu. Akapitisha ukucha kwenye picha ya mbwa, mbwa akabanduka. Akafungua chini, akachungulia, akaguna.

"Pembe ni ya juzi. Boksi la juzi. Mashine ndiyo ya kale, lakini imeng'olewa kwenye gramafoni ya kubebeka. Wanazichinja zile nzima ili waunde hizi, wawauzie…" akanitazama, akatafuta neno la heshima, "…wapenzi."

"Si ulisema hata kwenye ile picha mashine ilibadilishwa?" mke wangu akadakia. "Ungeshtukia hapo hapo." Kisha akamgeukia fundi. "Hiyo ya kubebeka ikoje?"

"Kama sanduku hivi. Nyingi ni nyeusi. Ukifungua, unakuta hendeli imebanwa mle ndani."

Kimya. Mke wangu akainuka taratibu kutoka pale alipokuwa amekaa.

Fundi alifuta vumbi, akabonyeza kitasa. Sahani ya kuzungushia santuri imelala pale, kitambaa chake hakijaguswa na nondo. Pembeni kuna kikopo kidogo cha sindano za chuma. Na mbwa yuleyule yupo, ila huyu habanduki. Ilikuwa ya chapa ya mbwa huyo, His Master's Voice, modeli 102, aina iliyoanza kutengenezwa 1931. Nzima. Kitu pekee kilichoharibika kidogo ni kifuniko, palipobonyea, na sote tulijua kwa nini hatulizungumzii hilo.

Ndani mlikuwa na santuri moja. Ili nami nionekane na mchango, fundi alipokuwa anatia grisi kwenye springi, nikachukua pamba na spiriti nikaisafisha. Pamba ikatoka nyeusi. Nikasugua zaidi. Nyeusi tii! Nikamwonyesha fundi kwa majivuno uchafu nilioutoa.

Alifumba macho. Santuri za zamani hizo zina shelaki, utomvu wa wadudu, na shelaki hiyo huyeyuka kwenye spiriti.

"Huo si uchafu, bwana," akasema. "Huo ni wimbo."

Upande wa pili ulisalimika. Fundi akaweka sindano mpya, maana hizo za chuma hubadilishwa kila upande, akapiga hendeli, santuri ikaanza kuzunguka mara 78 kwa dakika. Yakatoka makelele yaliyomtoa paka ndani. Kitufe cha kupunguza sauti hakuna. Fundi akasema husimuliwa kwamba wenye gramafoni za pembe walikuwa wakisokomeza soksi humo. Mke wangu akaigeukia pembe yangu ya shaba, na nikaona wazo linamwingia.

Ipo kona ya chumba mpaka leo. Soksi zangu zote zinakaa humo.

Na siku hizi tukiingia penye vitu vya kale, mimi nauliza miaka, nagongagonga mbao, nasoma namba. Mke wangu haulizi kitu. Anatafuta pa kukaa.