Uhalifu Ulipanda Wakati Mifuko Ikituna

Mjadala wowote kuhusu kupanda kwa uhalifu haukawii kuangukia jibu moja kati ya mawili: umaskini umezidi, au maadili yameporomoka. Majibu hayo hutolewa kwa uhakika mkubwa, na mara chache mtu huyapima kwa kalenda.

Tuchukue Marekani, kwa kuwa rekodi zake ni ndefu. Mwaka 1960 polisi walirekodi takribani makosa 161 ya kutumia nguvu (mauaji, ubakaji, unyang'anyi na shambulio la kudhuru mwili) kwa kila watu 100,000. Mwaka 1991 yalifika 758. Mwendo huo ulishika kasi katika miaka ya 1960, wakati mishahara inapanda na ukosefu wa ajira unashuka hadi kama asilimia 3.5 mwaka 1969. Halafu mwaka 2008 mabenki yakayumba, mamilioni wakapoteza kazi, na uhalifu ukaendelea kushuka. Anayeulaumu umaskini peke yake ana deni la kueleza vipindi hivyo viwili. Anayelaumu maadili ana deni zito zaidi, maana kati ya 1991 na 2014 makosa hayohayo yalipungua kwa takribani nusu, na sijamsikia mtu akidai kwamba taifa zima lilitubu.

Kabla ya kutafuta sababu, ni lazima kujua ni nini hasa kimepanda. Takwimu za polisi huhesabu kilichoripotiwa na kikaandikwa, basi. Kampuni ya bima ikidai namba ya ripoti ya polisi kabla ya kulipa fidia, wizi "unaongezeka" mwaka huohuo. Polisi wakianza kuandika kesi za mke kupigwa na mumewe, ambazo zamani ziliitwa mambo ya ndani na kuachwa, ukatili nao unapanda kwenye karatasi. Uingereza na Wales zilibadilisha kanuni za kurekodi mwaka 2002, na idadi ya makosa ya ukatili ikaruka huku utafiti wa kaya ukionyesha vinginevyo. Utafiti huo, unaowauliza watu majumbani ni nini kiliwapata kiwe kimeripotiwa au la, ulianza huko mwaka 1982. Marekani ilianza wa kwake mwaka 1973. Palipo na vyote viwili, soma vyote viwili. Palipo na takwimu za polisi tu, tegemea zaidi mauaji, kwa sababu maiti ni vigumu kuifuta kwenye daftari, na wizi wa magari, kwa sababu ya bima. Hata mauaji yana mtego wake: hospitali ikiwa na damu ya kutosha na madaktari wa upasuaji wa dharura, watu walewale wanapigwa risasi ila wachache ndio wanaokufa.

Hata ukiondoa makosa ya kuhesabu, kupanda kwa miaka ya 1960 hadi 1990 kulikuwa kwa kweli, na kulionekana katika nchi nyingi tajiri. Kwa wizi, maelezo ninayoyaona yana nguvu kuliko yote yalitolewa na wanasosholojia Lawrence Cohen na Marcus Felson mwaka 1979. Walisema tukio la uhalifu linahitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu aliye tayari kulitenda, kitu kinachofaa kulengwa, na kutokuwepo kwa mlinzi. Mlinzi si lazima awe askari. Bibi aliyekaa barazani anatosha.

Sasa angalia kilichotokea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wanawake waliingia kazini kwa wingi, vijana wakaenda vyuoni, watu wengi zaidi wakaanza kuishi peke yao, na nyumba zikabaki tupu mchana. Wakati huohuo bidhaa za thamani zilipungua uzito. Televisheni nyepesi kuliko zote katika katalogi moja kubwa ya maduka ya Marekani ilikuwa na kama kilo 17 mwaka 1960. Miaka kumi baadaye ilikuwa na kama kilo 7. Ya kwanza inahitaji watu wawili na gari, ya pili inabebwa kwapani. Kati ya 1960 na 1975, sehemu ya uvunjaji wa nyumba za kuishi mchana, kati ya uvunjaji wote, iliongezeka takribani maradufu, huku sehemu ya uvunjaji wa maduka na ofisi ikipungua. Hilo si jambo ambalo umaskini unaweza kulieleza. Maskini ana sababu ileile ya kuiba usiku dukani kama aliyonayo ya kuiba mchana sebuleni. Kilichobadilika ni sebule.

Ushahidi mzuri zaidi unatoka upande wa pili, pale fursa ilipofungwa. Ujerumani Magharibi ililazimisha kufuli la usukani kwa magari yote, mapya na ya zamani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wizi wa magari ukashuka. Uingereza ilidai kufuli hilo kwa magari mapya tu, kwa hiyo wezi walihamia yale ya zamani na idadi ya jumla haikubadilika kwa muda mrefu. Kifaa kilekile, kanuni tofauti, matokeo tofauti. Mwaka 1980 Ujerumani hiyohiyo ilianza kuwatoza faini papo hapo waendesha pikipiki wasiovaa helmeti. Nia ilikuwa kuokoa vichwa. Wizi wa pikipiki ukashuka kutoka zaidi ya 150,000 kwa mwaka hadi chini ya 60,000 mwaka 1986, kwa sababu anayeamua ghafla kuondoka na pikipiki ya mtu huwa hatembei na helmeti mkononi. Wengi wa wezi hao hawakuhamia magari wala baiskeli kwa kiasi cha kufidia pengo hilo.

Hoja ya umri nayo inatajwa sana. Ni kweli kwamba makosa mengi hutendwa na wenye miaka 15 hadi 24, na watoto waliozaliwa kwa wingi kati ya 1946 na 1964 walipita umri huo wakati uhalifu unapanda. Ila fanya hesabu. Sehemu ya vijana hao katika Marekani ilitoka takribani asilimia 13 mwaka 1960 hadi karibu 19 mwaka 1980. Hata kama wao ndio wangetenda makosa yote, hilo lingeongeza uhalifu kwa chini ya nusu. Uliongezeka zaidi ya mara tatu.

Mauaji yana njia yake, na ni kosa kuyachanganya na wizi wa televisheni. Wimbi la Marekani la kati ya 1985 na 1993 liliwagusa hasa vijana, kwa bunduki, mijini. Mauaji yanayofanywa na watu wa umri mkubwa zaidi yalikuwa yanapungua miaka hiyohiyo. Kokeini ya kuvuta iliuzwa vipande vidogo mitaani, hivyo ikahitaji wauzaji wengi, na wauzaji wa bidhaa haramu hawawezi kushtakiana mahakamani wakidhulumiana. Wakajihami kwa bunduki, na vijana wasiouza chochote nao wakajihami dhidi yao. Sambamba na hayo, uwezo wa kukamata ulipungua: mwanzoni mwa miaka ya 1960 polisi walidai kutatua zaidi ya kesi 9 kati ya 10 za mauaji, na miaka thelathini baadaye ni kama theluthi mbili tu. (Baadhi ya zile 9 bila shaka zilikuwa za watu waliobambikiwa.) Shahidi akijua muuaji yuko nje, hafungui mdomo, na ndugu wa marehemu huanza kulipiza wenyewe.

Madini ya risasi katika petroli ni nadharia inayopendwa mitandaoni. Kibaiolojia ina msingi: madini hayo huharibu ubongo wa mtoto, hasa uwezo wa kujizuia, na grafu ya petroli ukiisogeza mbele kama miaka 20 inafanana na grafu ya uhalifu. Mimi naipa nafasi, lakini ndogo. Kushuka baada ya 1991 kuliwagusa hata watu wazima waliokulia katika moshi uleule, wakati kulipaswa kuanza na wadogo tu.

Kuhusu dai kwamba magereza ndiyo yaliyoshusha uhalifu, Marekani ilitoka wafungwa wapatao 200,000 mwaka 1970 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2009. Kanada haikufanya hivyo, na uhalifu wake ulishuka katika miaka hiyohiyo. Inatosha.

Leo mahali pa fursa pamehama tena. Katika utafiti wa kaya wa Uingereza na Wales, ulaghai umekuwa takribani asilimia 40 ya makosa yote, na mara nyingi hauripotiwi polisi. Vile vitu vitatu vipo: tapeli yuko tayari popote duniani, fedha hazina uzito hata gramu moja, na mlinzi, ambaye ni benki, hakuwa akipoteza chochote mteja anapotapeliwa atume pesa mwenyewe. Tangu Oktoba 2024 sheria za huko zinazilazimisha benki kumrudishia mteja wa aina hiyo hadi pauni 85,000, nusu ikilipwa na benki iliyotuma na nusu na benki iliyopokea, yenye akaunti ya tapeli. Hiyo nusu ya pili ndiyo ya kuangalia. Benki inayofungua akaunti bila kumjua mwenyewe sasa inalipa kwa uzembe huo.