Shukrani ifike hadi zamu ya usiku

Kuna makala inayowasifu watu wanaowapelekea wahudumu wa hospitali chakula wakati wa mlipuko wa ugonjwa, na kweli wanastahili. Ila chakula kingi huharibika kwa sababu kinaletwa bila taarifa, tena kwenye sufuria moja kubwa. Aliyevaa mavazi ya kinga hawezi kuchomoka tu akale. Kuyavua kuna utaratibu wake, glavu, gauni, miwani, barakoa mwisho, na mikono husafishwa katikati. Hapo ndipo mtu akiharakishwa hujiambukiza.

Kwa hiyo mpigieni kwanza msimamizi wa zamu. Ulizeni idadi ya watu, nani hali nini, na mapumziko ni saa ngapi. Fungasheni sahani moja moja yenye kifuniko, mwandike kilichomo na saa kilipopikwa. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa muda unaozidi saa 2, na cha moto kisishuke chini ya nyuzi 60. Kiachieni getini, wodini msiingie.

Na jamani, hesabuni wote! Wafanya usafi, wafua mashuka, madereva wa ambulensi, walinzi, wahudumu wa mochwari. Hao hushika taka na nguo zenye vijidudu, lakini sahani huishia kwa madaktari. Zamu ya usiku ndiyo husahaulika kabisa.

Uingereza mwaka 2020, wakati wa korona, watu waliwapigia makofi wahudumu wa afya Alhamisi 10 mfululizo, saa 2 usiku. Yalitia moyo. Lakini muuguzi anayetoka kazini alfajiri anahitaji zaidi usafiri wa kumfikisha nyumbani, na jirani wa kumwangalizia watoto apate kulala.