Mtambo wa majitaka na Mto Mkulumuzi: tuanzie wapi?

Tukizungumzia usalama wa maji Tanga, wengi wetu hufikiria Mto Zigi na bwawa la Mabayani, kwa kuwa ndiko yanakotoka maji ya bombani. Lakini Mabayani iko juu ya jiji, hivyo uchafu wetu haupandi kwenda huko, bali unateremka Mkulumuzi hadi kwenye mikoko na ghuba wanamovua watu wetu. Kwa miaka mingi mtandao wa majitaka wa katikati ya jiji umeishia baharini, na kaya nyingi zilizo nje yake hutegemea makaro ya majitaka na vyoo vya shimo. Je, mtambo wa kusafisha majitaka ndiyo dawa?

Wanaoutetea wana hoja nzito. Kinyesi kikiingia mtoni, bakteria hukila, na katika kukila humaliza oksijeni iliyoyeyuka majini, hata samaki wakakosa pumzi. Kazi ya mtambo ni kuufanya ulaji huo ukamilike kabla maji hayajafika mtoni. Katika mabwawa ya majitaka, yaliyozoeleka zaidi nchini, bwawa la kwanza lenye kina kirefu hutuamisha tope. Katika la pili mwani huzalisha oksijeni kwa nguvu ya jua, na bakteria huitumia kumeng'enya uchafu uliobaki. Katika ya mwisho, yenye kina kifupi, jua na muda huua vimelea. Jua hilo tunalo, na halituletei bili.

Wanaosita nao wasipuuzwe. Mabwawa hula ardhi kubwa, na ardhi ya jiji ina wenyewe wanaodai fidia. Mtambo wa mashine hauhitaji eneo kubwa, ila mapampu yake ya hewa hula umeme usiku na mchana. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira ya jiji, ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kupitia hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, kwa ajili ya kupanua huduma ya majisafi; hiyo ni ishara kwamba fedha za miundombinu hupatikana, ingawa majisafi huingiza mapato haraka kuliko majitaka, na mkopeshaji hulitazama hilo kwanza.

Mimi naona pingamizi kubwa zaidi haliko kwenye fedha. Mtambo husafisha kile tu kinachoufikia. Mvua za masika zinapoanza, wapo wanaotapisha vyoo usiku, wakitoboa ukuta wa shimo ili mafuriko yabebe kilichomo, na uchafu huo hauingii katika bomba lolote. Isitoshe, upande wa Amboni miamba ni ya chokaa, ile ile iliyochongwa na maji ikawa mapango, na nyufa zake hupitisha maji upesi bila kuyachuja kama udongo unavyofanya. Shimo lililochimbwa juu ya mwamba wa namna hiyo linaweza kuchafua mto bila mtu kuona kitu.

Kwa hiyo naunga mkono ujenzi, lakini kwa mpangilio mwingine: kianze kituo cha kupokea na kutibu tope la vyooni, chenye ada ambayo mwenye gari la kunyonya majitaka ataona ni nafuu kuliko hatari ya kumwaga korongoni, na bei ya kunyonya karo ipunguzwe kwa kaya maskini kabla ya masika. Mabwawa yafuate, kisha mtandao upanuliwe mtaa kwa mtaa, ukianzia mitaa iliyo karibu na Mkulumuzi.