Mwombeeni Mzee Nafasi Angali Anajua Karatasi Ziko Wapi

Cheti cha baba mkwe cha kutoka jeshini tulikikuta kwenye friza. Kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, kimebanwa kati ya mahindi yaliyogandishwa na kopo la aiskrimu, kingo zimejikunja kwa baridi. Alikiweka mwenyewe zamani, akihofia nyumba kuungua. Tulikitafuta siku tisa, naye hakumbuki tena alikoficha. Mama mkwe ndiye aliyekigusa alipokuwa anatoa samaki wa jioni.

Karatasi hiyo huku Marekani inaitwa DD-214. Bila hiyo, ombi la kumwingiza mzee kwenye nyumba ya jimbo ya kutunzia askari wa zamani halisogei. Mzee wetu alichukuliwa jeshini mwaka 1967, akapelekwa Vietnam, akarudi na sikio moja bovu. Sasa anasahau. Majira ya baridi yaliyopita alitoka nje saa nane za usiku, kwenye theluji, amevaa kandambili.

Mimi nimebeba boksi miaka kumi na minne, mingi nikihudumia wazee. Hata hivyo tulianza kwa kugonga mlango usio wetu. Tulikwenda hospitali ya VA, ile idara ya serikali kuu inayoshughulikia askari wa zamani, tukapanga foleni asubuhi nzima, ndipo tukaambiwa nyumba hizi ni za jimbo. Ziko zaidi ya 150 nchi nzima. Jimbo ndilo linalomiliki na kuendesha; VA hukagua na kuchangia gharama ya kila siku. Kwa hiyo unajaza fomu ya jimbo, na kila jimbo lina masharti yake ya ukaazi, halafu kuna fomu za VA: 10-10EZ, na 10-10SH ambayo sehemu kubwa ni ya daktari. Yetu ilirudishwa kwa sababu ukurasa mmoja haukuwa na sahihi ya daktari. Wiki tatu zikapotea hivyo, na mzee usiku hatulii.

Lakini lililoniuma zaidi ni hili. Askari mwenye kiwango cha asilimia 70 au zaidi cha ulemavu uliotokana na utumishi wa jeshi, VA humlipia gharama yote ya matunzo kwenye nyumba hizi. Baba mkwe ana asilimia 10 tu, ya sikio. Ana kisukari cha ukubwani tangu miaka ya tisini, na nyayo zake zina ganzi. Kisukari hicho VA inakihesabu kuwa kimetokana na Agent Orange, dawa ya kuua majani iliyomwagwa Vietnam. Aliyetumikia kule hadaiwi ushahidi kwamba dawa ilimgusa. Shinikizo la damu nalo liliongezwa na sheria ya PACT ya mwaka 2022. Zaidi ya sikio hakuwahi kudai lolote, ndiyo maana asilimia imebaki 10. Mume wangu alipomuuliza, mzee alisema wanaostahili ni wale waliorudi kwenye majeneza.

Namheshimu kwa maneno hayo, lakini sikubaliani naye hata kidogo. Ombi la nyumba lilipaswa kuanza miaka kumi nyuma, pale mezani kwake, akiwa bado anaweza kusimulia alikuwa kikosi gani na aliumwa nini. Sasa madai tunayaandika sisi, kwa kubahatisha majina ya mahali. Anayetusaidia ni afisa wa askari wa zamani wa kaunti, na hatozi hata senti. Anzeni kwake.

Kwa waliotumikia zamani zaidi ni kugumu kuliko hapo. Tarehe 12 Julai 1973 ghala la kumbukumbu za jeshi huko St. Louis liliungua, yakateketea mafaili kati ya milioni 16 na 18, mengi ya wanajeshi wa nchi kavu waliotoka kabla ya 1960. Kwa mzee wa vita vya Korea, nakala ya nyumbani huenda ndiyo pekee iliyobaki. Na vijana wetu walioingia jeshi kwa mpango wa MAVNI, ulioandikisha wahamiaji na kutafuta wasemaji wa lugha kadhaa Kiswahili kikiwamo, watunze ile nakala ya DD-214 iitwayo Member 4, inayoonyesha waliachiwa kwa heshima.

Dada yangu alinipigia kutoka Tanga akaniuliza, "Mnamtupa mzee wa watu?" Nililia. Kisha nikamweleza kwamba mimi nina shifti za usiku, mama mkwe ana miaka 74 na hawezi kumwinua akianguka, na kwamba nyumba hizi si za mayatima. Ya kwanza ilifunguliwa Darien, Connecticut, mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Mwaka 1888 Bunge likaanza kuyapa majimbo dola 100 kwa mwaka kwa kila askari anayetunzwa. Ni deni la nchi kwa watu wake. Kulidai si kumtupa mtu.

Hata hivyo nyumba hazilingani. Holyoke, Massachusetts, mwaka 2020, korona iliua wazee zaidi ya 70 katika nyumba ya askari. Nenda ukaone kwa macho yako, na uende saa ya chakula cha jioni, wafanyakazi wanapokuwa wachache. Tazama kucha za wazee. Tazama kama kikombe cha maji kiko karibu na mkono au kimewekwa dirishani. Hesabu taa ya kuita msaada inawaka muda gani juu ya mlango kabla mtu hajaja. Nyumba tuliyoichagua, taa ilizimwa kabla sijamaliza kufunga zipu ya koti la mzee.

Barua imekuja Jumanne: ni wa kumi na moja kwenye foleni. Mama mkwe ameisoma mara mbili, akaniuliza kama na yeye ataruhusiwa, maana baadhi ya nyumba hizi hupokea na wake. Jumatatu nampeleka kwa yule afisa wa kaunti.