Picha za Kijerumani za karne ya 19: vanishi ing'olewe au iachwe?

Daktari, wakili au profesa wa Kijerumani aliyechorwa kwa rangi za mafuta katika karne ya 19 mara nyingi hutufikia akiwa kahawia. Uso na mikono vinaonekana; koti jeusi limezama gizani. Chanzo mara nyingi ni vanishi, tabaka angavu linalopakwa juu ya rangi. Wahifadhi wa picha hugawanyika hapo: wapo wa kuing'oa hadi rangi yenyewe, wapo wa kutogusa.

Wanaotaka kusafisha wana hoja nzito. Vanishi iliyoenea baada ya mfamasia Lucanus kuipigia debe mwaka 1829 ni utomvu wa damari ulioyeyushwa kwenye tapentaini. Ikiwa mpya hung'aa. Miongo ikipita huwa njano, halafu kahawia. Unjano huo hugeuza bluu kuwa kijani na kuua tofauti kati ya weusi mmoja na mwingine. Hasara haiishii kwenye urembo. Ludwig Knaus alipomchora mwanasayansi Hermann von Helmholtz mwaka 1881, alimzungushia vyombo vyake vya kisayansi, na vyombo hivyo ndivyo vinavyotaja kazi yake. Picha ya aina hiyo ikimezwa na vanishi, anayebaki ni bwana fulani aliyevaa vizuri.

Lakini si kila mchoraji ni Knaus. Franz von Lenbach alitumia ujana wake kunakili kazi za Titian na Velázquez kwa ajili ya mkusanyaji wa picha Schack, kazi ambazo zilikuwa zimeshakolea umri. Akaupenda ukahawia ule, akaujenga makusudi katika picha zake za wasomi na wanasiasa. Kwa picha zake, anayeng'oa kila kilicho kahawia anaweza kung'oa alichokusudia mchoraji.

Kikemia hali ni ngumu zaidi. Baadhi ya wachoraji wa enzi ile walimalizia vivuli kwa matabaka membamba ya rangi iliyochanganywa na utomvu, na kiyeyushi kinachoondoa vanishi huondoa na matabaka hayo. (Waliotumia kopali, jamii ya sandarusi iliyosafirishwa kwa wingi kutoka Unguja, walituachia tatizo la kinyume: vanishi yake iliyopikwa na mafuta hukaza kiasi cha kukaribia ugumu wa rangi yenyewe.) Halafu kuna lami, iliyopendwa kwa vivuli vyake vya joto. Lami huzuia mafuta ya kitani yasikauke. Tabaka la juu likitangulia kukauka hupasuka nyufa pana kama ngozi ya mamba, na la chini hubaki laini na rahisi kuyeyuka hata leo.

Tena uliza kama picha iliwahi kupitia sanduku la Pettenkofer. Mwaka 1863 mkemia huyo wa München alianza kufukiza picha kwa mvuke wa spiriti: picha hufungiwa kwenye sanduku lenye kitambaa kilicholoweshwa spiriti, vanishi iliyofifia huvimba, huungana na kuangaza bila kusuguliwa. Mara nyingi ilipakwa pia zeri ya kopaiba, utomvu laini wa mti. Kasoro ni kwamba mvuke na zeri vilipenya hadi kwenye rangi na kuilainisha, hivyo picha iliyofukizwa huweza kushtuka kwa kiyeyushi ambacho nyingine ingekivumilia.

Kwa hiyo anza na taa ya urujuanimno: damari iliyozeeka hutoa mng'ao wa kijani, marekebisho ya baadaye huonekana meusi. Ondoa uchafu wa juu kwanza. Kisha jaribu kusafisha vidirisha vya milimita 5 kwa 5, kimoja usoni, kimoja kwenye kola nyeupe, kimoja kwenye koti. Anza na isooktani, kiyeyushi hafifu, yenye asilimia 10 ya ethanoli iliyo kali zaidi, kisha panda kwa asilimia kumi kumi za ethanoli. Viringisha pamba, usisugue. Pamba ikitoka njano, hiyo ni vanishi; ikitoka kahawia nzito au nyeusi, simama, umefika kwenye rangi. Kosa la kawaida ni kuchukua nguvu iliyofaa usoni, penye rangi nyeupe ya madini ya risasi iliyokauka vizuri, na kuipeleka kwenye koti.

Nikipima pande zote, naelemea kupunguza vanishi, si kuing'oa. Uso na kola vinaweza kusafishwa zaidi, koti na mandharinyuma kidogo, ila tofauti isizidi, la sivyo kichwa huonekana kimebandikwa. Wapinzani watasema huo ni ulaghai, kwa kuwa hakuna karne ambayo picha ilionekana hivyo. Ni kweli, lakini vanishi iliyobaki inaweza kupunguzwa tena siku nyingine, wakati kivuli cha lami kilichoondoka na pamba hakirudi.